Usingizi wa Mang'amung'amu

Wapo wanaosema kijarida hiki si mahali pa kuzungumzia ving'amuzi. Ati sisi ni waandishi. Tuandike mapenzi, tuandike rushwa, tuandike upepo wa Singida unavyochapa majabali na Ziwa Kindai linavyogeuka rangi jioni. Mwenzetu mmoja wa chama alinitazama juu mpaka chini niliposema nitaandika juu ya boksi la tivii lisilokubali kulala. Akaniuliza, "Kaka, siku hizi umekuwa fundi?" Fundi sijawa. Ni mtu anayenunua LUKU, basi, na mtu anayenunua LUKU ana haki ya kuuliza uniti zake zimekwenda wapi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Mtaani neno king'amuzi limekuwa kapu: humo mna kile cha antena, kile cha dishi, na hili boksi dogo jeusi la intaneti linalochomekwa nyuma ya tivii na kuishi kwa bando. Nazungumzia hili la mwisho, ingawa ndugu zake wawili nao wana lao. Unabonyeza kitufe chekundu cha rimoti. Kioo kinakuwa cheusi. Kitaa cha buluu kinageuka chekundu, nawe unakwenda zako kulala ukiamini na mwenzio kalala. Saa nane usiku tivii inajiwasha yenyewe sebuleni, mwanga mtupu, mama mwenye nyumba anaamka akidhani kuna mwizi. Au haijiwashi kabisa, lakini alfajiri ukiweka kiganja juu ya boksi unakuta lina joto kama mayai chini ya kuku anayeatamia. Limelala nini hilo?

Ukilipeleka kwa fundi utapewa dawa ya zima-washa. Ikishindwa, fundi atalifuta lote lirudi kama lilivyotoka kiwandani, akutoze elfu kumi, nawe urudi nyumbani kuingiza upya namba za siri zote ulizokuwa umezisahau. Usiku huohuo linaamka tena. Ukirudi anakwambia, "Boksi lako feki, nunua jingine." Nasema wazi: huo si ufundi. Ufundi ni kuuliza nani analiamsha, na kuliuliza swali hilo hatua kwa hatua mpaka mwamshaji apatikane. Sasa ngoja niwaonyeshe kwamba jambo hili halihitaji digrii ya Mlimani.

Mshitakiwa wa kwanza ni waya wenyewe. Ule waya wa HDMI unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye tivii una njia 19 ndani yake, na njia ya 13 haibebi picha wala sauti. Inabeba amri. Kwa njia hiyo tivii huliambia boksi "amka", na boksi huiambia tivii "washa, nakuja". Jina lake la kikazi ni CEC, lakini kila kampuni imeibatiza kivyake ili wewe usijue kwamba ni kitu kimoja: Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync. Iliwekwa kwa nia njema, rimoti moja iendeshe vyote. Matokeo yake ni majirani wawili wasio na adabu, kila mmoja anamgongea mwenzake usiku. Jaribio lake ni rahisi: lilaze boksi, kisha chomoa waya wa HDMI, subiri. Likibaki limelala, mwamshaji umemkamata. Ingia kwenye mipangilio ya tivii, tafuta jina hilo la ubatizo, uzime. Kisha zima na upande wa boksi.

Likiamka hata bila waya, endelea na vilivyochomekwa. Kile kidude cha maus isiyo na waya huamsha boksi kila meza ikitikisika, na kwa nyumba za kwetu ambazo upepo unapiga mlango usiku kucha, meza hutikisika. Kichomoe. Toa betri za rimoti; kuna rimoti ambazo kitufe kimoja kimeshikwa na mafuta ya maandazi na hakijaachia tangu Idi. Kisha zima ruta. Boksi likilala vizuri ruta ikiwa imezimwa, basi linaamshwa na mtandao: pengine ni simu ya kijana wa chumba cha pili anayerusha muziki kwenye tivii bila kujua, pengine ni programu inayojisasisha usiku. Hapo unaziondoa programu moja baada ya nyingine, ukianza na ile uliyoiweka siku ugonjwa ulipoanza. Kuna pia lile chaguo la mafundi, lililofichwa ndani kabisa ya mipangilio, linaloamuru kiwambo kisilale maadamu umeme upo. Wauzaji wengine huliwasha dukani ili boksi lionekane changamfu mbele ya mteja, wakasahau kulizima. Na usichanganye picha za milima na maua zinazopita kwenye kioo ukiliacha dakika tano. Hizo ni mapambo. Boksi linaloonyesha maua liko macho kabisa na linafanya kazi.

Baada ya yote hayo kuna maboksi ambayo hayaamshwi na mtu yeyote, kwa sababu hayajawahi kulala. Kitufe chekundu kimeandikiwa programu ya kukata picha tu. Ubongo, kumbukumbu, mtandao, vyote vinaendelea. Limefumba macho huku likisikiliza mazungumzo yenu, kama mtoto aliyetumwa kulala wakati wageni wapo.

Hapa ndipo napotaka kuwagombeza wenzangu waandishi, maana kitabu kidogo kilichokuja na boksi kina Kiingereza, kina Kichina, kina Kifaransa, na Kiswahili hakimo. Kwenye kioo limeandikwa neno moja la Kiingereza linalomaanisha usingizi, na mama wa watu amelielewa jinsi lilivyoandikwa: limelala. Tumemwacha adanganywe na neno. Lugha yetu ina usingizi wa aina nyingi mno. Kuna usingizi wa pono, ambao hata nyumba ikiungua hajui. Kuna kusinzia, kuna lepe, kuna kujipumzisha. Na kuna usingizi wa mang'amung'amu, ule wa mtu aliyelala nusu, sikio moja mlangoni. Hilo ndilo neno! Bibi zetu walikuwa nalo kabla waya wa kwanza wa umeme haujafika Singida. Boksi lililozimwa kwa rimoti limo katika mang'amung'amu. Boksi lililochomolewa limelala usingizi wa pono. Ungemwambia hivyo mama yule, angejua siku ileile achomoe kipi na aache kipi.

Na msiniambie Kiswahili hakiwezi kukimbia na mashine. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Singida ilipofika mwaka 2014, nchi nzima ililazimika kununua kidude ambacho wengi hawakuwahi kukiona. Mtaa haukungoja mtu. Ulikuwa unasema king'amuzi, kutokana na kung'amua, na wasomi wakaja na kisimbuzi, kutokana na kusimbua, na mpaka leo maneno yote mawili yanaishi na hakuna aliyekufa. Yale ni matendo ya kifasihi, bwana, makubwa kuliko mashairi mengi tunayosomeana Jumamosi. Lakini tuliishia kwenye jina la kidude. Tabia zake hatukuzipa majina: inavyolala, inavyoamka, inavyokula. Tukamwachia mwenye kiwanda azitaje yeye, kwa lugha yake, kwa faida yake.

Sasa tuzungumze fweza. Jirani yangu mmoja hapa Majengo aliniita baada ya kuona uniti zake haziishi mwezi kama zamani. Hatukuwa na kipimo cha wati, na hamhitaji. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake imeandikwa namba, mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Tulizima kila kitu ndani ya nyumba, friji, taa, chaja za simu, tukabakiza boksi peke yake likiwa "limelala". Tukakaa na saa. Kitaa kilipepesa mara 9 kwa saa moja, yaani wati 9. Boksi lililolala lilikuwa likila kama taa ya LED iliyoachwa inawaka.

Haya, fanyeni hesabu. Tuseme mnatazama saa 4 kwa siku. Saa 20 zilizobaki kidude kimo katika mang'amung'amu. Wati 9 kwa saa 20, kwa siku 30, ni uniti 5.4 kwa mwezi. Mtu wa Masaki atacheka. Lakini huyu mama yuko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, ambayo uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na ukivuka hapo uniti inaruka hadi 350. Ukizoea kuvuka unahamishiwa tarifu ya kawaida ya 292. Kwa hiyo zile uniti tano si shilingi mia tano na kidogo. Ndizo zinazomsukuma juu ya mstari. Akishahamishwa, boksi peke yake, katika muda ambao hakuna anayelitazama, linakula karibu shilingi 19,000 kwa mwaka, na kila uniti nyingine ya nyumba imepanda bei karibu mara tatu pamoja nalo. Hiyo ni pesa ya madaftari. Na sijagusa bando, ambalo boksi lililo macho hulitafuna kwa kujisasisha na kupakua matangazo ya filamu ambazo hakuna aliyeziomba.

Najua jibu litakalokuja. Umeme siku hizi upo. Bwawa la Mwalimu Nyerere limekamilika, megawati 2,115. Ile njia kubwa ya kilovolti 400 inapita hapahapa Singida, tangu mwishoni mwa 2024 imeungana na Kenya kupitia Namanga. Mgawo wa 2023 umebaki hadithi. Sawa, nashukuru. Lakini umeme kuwa tele gridini hakujaufanya kuwa tele kwenye mita ya mtu wa Majengo. Na sisi wa Singida tuna sababu yetu ya kuuma meno: tumesikia habari za mashamba ya umeme wa upepo mkoani kwetu kwa zaidi ya miaka kumi, na mitambo mikubwa ya kwanza ya upepo nchini ikaenda kusimama Mwenga, Mufindi, mwaka 2020. Upepo wetu hapa bado unang'oa mabati bure.

Wenzetu walikwishaona tatizo hili siku nyingi. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba kifaa kilichozimwa kwa rimoti kisile zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya ukaweka sheria mwaka 2008: kuanzia 2010 wati 1, kuanzia 2013 nusu wati, na vyenye kuonyesha saa au maandishi vikiongezewa kidogo. Vile vilivyounganishwa na mtandao vilipewa kipimo chao, na vingi vikashushwa mpaka wati 2 ilipofika 2019. Marekani nako, taasisi moja ya mazingira, NRDC, ilipiga hesabu mwaka 2011 ikakuta ving'amuzi vya nchi ile vilikula uniti bilioni 27 kwa mwaka mmoja, na thuluthi mbili ya hizo zililiwa wakati hakuna mtu aliyekuwa akitazama wala kurekodi. Kwa hiyo mtengenezaji akitaka anaweza. Akiuza Ulaya analifundisha boksi lake kulala. Lile la jirani yangu, lililonunuliwa kwenye duka moja la mjini nisilolitaja, halina hata karatasi inayosema linakula wati ngapi likilala. Nataka karatasi hiyo, na iwe kwa Kiswahili, kwenye kasha, kwa herufi zinazoonekana bila miwani.

Ningeishia hapo kama ingekuwa ni umeme tu. Lakini kuna jambo baya zaidi, na hili vijana wa mjini mnaojisifu kwa boksi la bei poa lenye filamu zote bure mlisikilize vizuri.

Januari 2023 mtaalamu mmoja huko Amerika ya Kaskazini alilichunguza boksi la Android la jina T95, alilolinunua mtandaoni kama mtu yeyote, akakuta limetoka dukani likiwa na programu chafu ndani yake. Halikuambukizwa nyumbani, lilizaliwa nalo. Wachunguzi waliofuata waliuita ugonjwa huo BADBOX. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ilitangaza mwingine, Vo1d, uliokuwa umeingia maboksi karibu milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI wakatoa onyo kwa umma juu ya BADBOX ya pili, na mwezi uliofuata Google wakafungua kesi dhidi ya waendeshaji wake, wakitaja vifaa zaidi ya milioni 10, vingi vikiwa vile visivyo na idhini yao. Vinafanya nini? Vinabonyeza matangazo kimyakimya ili mtu alipwe. Vinakodisha intaneti ya nyumba yako kwa wageni, ili uhalifu wa mtu aliye mbali uonekane umefanywa kutoka sebuleni kwako. Na kazi kama hiyo inahitaji boksi lililo macho.

Mnanielewa? Ukiona boksi halilali baada ya kukagua waya, maus, rimoti na programu, huenda halina ubovu wowote. Huenda limeajiriwa. Liko zamu ya usiku kwa tajiri usiyemjua, kwa umeme wako, kwa bando lako, na mshahara haupitii Singida. Tazama taa za ruta usiku wa manane, nyumba nzima imelala na simu zote zimezimwa data: zikicheza kama ngoma ya harusi, kuna mtu anafanya kibarua. Chomoa. Usilipeleke kwa fundi wa zima-washa, kwa sababu ugonjwa uliozaliwa nalo mara nyingi haufutiki kwa kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Lilitoka nao huko.

"Sasa si uzime swichi ukutani yakaisha?" Hilo nimeulizwa mara nyingi, kwa sauti ya mtu aliyemaliza ubishi. Zima. Hata mimi nazima, na soketi zetu zina swichi, tushukuru kwa hilo. Ila usilizime ghafla likiwa katikati ya kujisasisha, maana linaweza lisiwake tena. Lakini kuzima swichi ni kufunga mlango wa zizi usiku. Hakukuambii fisi aliingiaje mchana. Boksi lile lile asubuhi litawashwa, litaendelea na kibarua chake wakati watoto wanatazama katuni. Isitoshe, kwa nini mzigo wote uwe wa mama anayeinama nyuma ya kabati saa tano usiku kutafuta swichi, na aliyeandika uongo kwenye kitufe chekundu asiulizwe? Kitufe kimesema nazima. Aliyekitengeneza anajua hakizimi.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu, sisi wa kijarida. Kazi ya mwandishi ni nini kama si kumkamata mtu anayeita kitu jina lisilo lake? Tunamkamata diwani anayeita hongo "chai". Tunamkamata mwajiri anayeita kibarua "ajira". Lakini kidude kilicho sebuleni, kinachosema nimelala huku kikifanya kazi, tunakiachia mafundi, na mafundi wanatuachia zima-washa. Washikaji, mashairi ya mwezi juu ya Singidani ninayo mengi, nami nitayaleta yakihitajika. Kwa sasa nimeandika kurasa mbili za mkono, zenye majina ya Anynet+ na Simplink, namna ya kuhesabu kitaa cha LUKU, na neno mang'amung'amu likiwa limepigiwa mstari. Jirani amezibandika nyuma ya mlango wa sebule. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka Mandewa kuzinakili kwenye daftari, kisha akaniuliza kama ninazo nyingine za friji.

Za friji sinazo. Anayejua friji inavyoamka na kulala, aandike, alete toleo lijalo, nami nitakuwa wa kwanza kumtetea pale wenzetu wa mashairi watakapoanza kumtazama juu mpaka chini.